Uainishaji wa Uvimbe Adimu wa Kiinitete katika Ubongo wa Watoto: Kutoka Umbo la Seli hadi Jeni

Uvimbe wa kiinitete katika ubongo ni saratani ya seli changa zinazofanana na zile zinazojenga ubongo wa mtoto akiwa bado tumboni. Aina inayojulikana zaidi ni meduloblastoma, ambayo huota katika ubongo mdogo, kisogoni. Makala haya yanajadili aina zilizo adimu kuliko hiyo, na yanafafanua kwamba jina la uvimbe ni suala la tiba, wala si la istilahi pekee.

Mwaka 1973, Hart na Earle walipendekeza jina la PNET kwa uvimbe wa seli changa unaoota katika ubongo mkubwa. Kigezo kilikuwa mwonekano wa seli chini ya hadubini. Hata hivyo, magonjwa yenye asili tofauti yanaweza kufanana kwa umbo. Mwaka 2016, Sturm na wenzake walichunguza sampuli 323 zilizokuwa zimepewa jina hilo, wakitumia metilesheni ya DNA, yaani alama za kikemikali zinazoongoza utendaji wa jeni. Nyingi zilibainika kuwa magonjwa mengine yaliyokwisha kufahamika, yakiwemo glioma kali na ependimoma. Mwaka huohuo, Shirika la Afya Duniani liliondoa jina la PNET katika uainishaji wake.

Toleo la mwaka 2021 linazingatia jeni. Uvimbe wa teratoidi-rabdoidi hutambuliwa kwa kupotea kwa utendaji wa jeni SMARCB1 au, mara chache, SMARCA4. Uvimbe wenye rozeti za tabaka nyingi huhusishwa na mabadiliko ya C19MC katika kromosomu ya 19, au ya jeni DICER1. Aina nyingine mbili hutambuliwa kwa mabadiliko ya jeni FOXR2 na BCOR.

Tofauti hizi zina uzito mkubwa kitandani pa mgonjwa. Ependimoma isiyosambaa hutibiwa kwa upasuaji na mionzi ya mahali ulipokuwa uvimbe. Ikipewa jina la PNET, mtoto huweza kupigwa mionzi ubongo mzima na uti wa mgongo, jambo linaloathiri akili, hasa kwa aliye chini ya miaka 3.

Aidha, kukosekana kwa kipimo cha metilesheni hakufungi njia zote. Kwa kupaka tishu rangi ya kingamwili, mwanapatholojia huweza kuona viini vya seli za saratani vilivyokosa protini ya SMARCB1, ilhali viini vya mishipa ya damu iliyo jirani vimeshika rangi. Hivyo basi, kipimo hicho kinafaa kutangulia kila uvimbe wa kiinitete unapopewa jina.