Fahamu: Mtoto, simu ya mama na namba 116

Tangu Desemba 10, 2025, Australia imepiga marufuku walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti za TikTok, Instagram na Facebook. Rubya, wilayani Muleba, marufuku kama hiyo ingewagusa wachache. Huku mtoto hana akaunti. Ana simu ya mama. Ndizi zikiwa jikoni anapewa atulie, na bando likiwapo, video moja inaleta nyingine bila yeye kuchagua.

Macho kuuma ndiyo hofu ya wengi. Iko kubwa zaidi. Utafiti wa UNICEF, ECPAT na Interpol wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 4 ya watoto wa Tanzania wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti walifanyiwa ukatili wa kingono mtandaoni ndani ya mwaka mmoja. Huanza kwa salamu, ikafuata vocha, kisha ombi la picha. Kumchapa mtoto hapo ni kumfundisha kuficha.

Usifute ujumbe wa kuomba picha, ni ushahidi. Piga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, bure, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi.