Mbwa Atwetapo: Joto na Unyevu katika Uwanda wa Kati

Mwezi wa Oktoba, kabla mvua hazijaanza, jua la Ugogo huunguza. Majani yamekauka, mibuyu haina kivuli cha kumtosha hata ng'ombe mmoja, na mchungaji hutembea mwendo mrefu kutafuta maji. Nyuma yake hufuata mbwa, ulimi ukining'inia, naye jioni hurudi nyumbani akiwa mzima. Kisha huja Januari. Mvua zimekwisha kunyesha, nchi imekuwa kijani kibichi, na joto limepungua kidogo. Mbwa yuleyule akimfukuza sungura mchana, jua linapotoka tena baada ya manyunyu, aweza kuyumba, kuanguka na kufa kabla ya usiku kuingia. Mwenyewe hudhani kalishwa sumu au kaumwa na nyoka. Huenda si hivyo. Huenda mbwa ameuawa na joto la mwili wake mwenyewe.

Mji wa Dodoma uko mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwaka wa kawaida hupata mvua isiyofikia milimita 600, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Kwa kuwa sehemu kubwa ya mwaka ni kavu, ni rahisi kuipima hatari kwa ukali wa jua peke yake. Kwa mbwa kipimo hicho hupotosha.

Mwanadamu hujipoza kwa jasho linalotoka mwili mzima. Mbwa ana tezi za jasho chini ya nyayo, lakini kazi yake katika kupoza mwili ni ndogo mno. Tegemeo lake kubwa ni kutweta. Apumzikapo, mbwa huvuta pumzi chache kwa dakika. Atwetapo, hufikia 300 hata 400. Mwaka 1962 mtaalamu Crawford wa Marekani alieleza kwa nini kasi hiyo haimchoshi upesi: kifua cha mbwa huchezacheza kama kamba ya spring'i, kwa mwendo wake wa asili, hivyo misuli hutumia nguvu kidogo kuliko ambavyo ingetarajiwa. Mwaka 1970 Schmidt-Nielsen na wenzake walionyesha kwamba sehemu kubwa ya hewa huingia kwa pua na kutokea mdomoni. Ndani ya pua hewa hupita juu ya ngozi laini iliyolowa. Maji hugeuka mvuke, na mvuke huondoka na joto.

Kiasi cha joto hilo si kidogo. Gramu moja ya maji ikigeuka mvuke huchukua kalori zipatazo 580. Kwa hesabu hiyo, mbwa mwenye uzito wa kilo 20 ahitaji kupoteza gramu zisizozidi 30 za maji, yaani kama vijiko viwili vya mezani, ili joto la mwili wake lishuke kwa nyuzi moja ya Sentigredi. Ni mtambo mzuri, ila una sharti moja: hewa inayoingia iwe na nafasi ya kubeba mvuke.

Tukadirie kwamba hewa hutoka kwa mbwa ikiwa na joto la nyuzi 38 na imeshiba mvuke. Meta moja ya ujazo ya hewa hiyo hubeba gramu 46 za maji. Mchana mkavu wa Oktoba, wenye nyuzi 31 na unyevu wa asilimia 30, hewa inayoingia huwa na gramu 10 tu. Kila meta ya ujazo yaweza basi kuondoa gramu 36. Mchana wa Januari baada ya manyunyu, wenye nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 80, hewa huingia tayari ina gramu 22, na nafasi iliyobaki ni ya gramu 24. Ingawa kipimajoto kimeshuka kwa nyuzi tatu, mbwa hulazimika kutweta mara moja na nusu ili apoe kwa kiasi kilekile. Asilimia ya unyevu peke yake nayo hudanganya. Alfajiri hufikia hata 100, lakini hewa ya nyuzi 19 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 16 au 17, kwa hiyo alfajiri hubaki saa njema ya kazi.

Upande wa pili wa mizani ni misuli. Sehemu kubwa ya nguvu inayotumiwa na mnyama akimbiapo hugeuka joto. Mbwa aliyelala kivulini hustahimili hali ya hewa ambayo itamwangusha akikimbia. Kuhusu jambo hili mbwa mwitu, ambaye bado yuko katika Hifadhi ya Ruaha kusini mwa Dodoma, ana siri yake. Uchunguzi wa Taylor na wenzake uliotolewa mwaka 1971 ulionyesha kwamba akimbiapo huacha joto la mwili lipande hadi kiasi cha nyuzi 41, na hivyo hupoteza maji machache kuliko mbwa wa nyumbani. Hata yeye huwinda zaidi asubuhi na jioni.

Mbwa wa nyumbani hana busara hiyo anapokuwa kazini. Mbwa wa mchungaji, wa mwindaji au wa polisi hufuata kazi na sauti ya bwana wake, wala hasimami kwa sababu amechoka. Wataalamu wa Uingereza waliochunguza kumbukumbu za matibabu za mwaka 1 wa 2016, za mbwa zaidi ya 900,000, waliona kwamba karibu robo tatu ya waliougua kwa joto waliugua kwa sababu ya kukimbia au kutembezwa, na kati ya kila mbwa saba walioshikwa, mmoja alikufa. Waliofungiwa ndani ya magari, ambao ndio husemwa sana, walikuwa wachache. Ikiwa hayo hutokea katika nchi ya baridi, mwenye mbwa wa uwanda wa kati hana sababu ya kujidanganya.

Kazi ngumu basi na ifanywe kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni, na siku za mvukuto ipunguzwe hata kama mawingu yamefunika jua. Maji yapatikane njiani, si nyumbani tu. Tembe la Kigogo, lenye paa la udongo, ni pahali pazuri pa kumpumzisha mbwa mchana. Banda la bati sivyo. Mbwa mnene, mzee, au wa jamii za pua fupi asikimbizwe kabisa wakati wa joto. Tena yafaa kukumbuka siku za chanjo ya kichaa cha mbwa: anayemfunga mbwa mdomo kwa kamba akamsimamisha foleni juani amemnyima njia yake ya kupoa. Kamba ifungwe zamu yake inapofika, na ifunguliwe mara.

Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38 hadi 39. Atwetapo kwa kelele bila kupoa, ulimi umepanuka na ufizi umekuwa mwekundu sana, mate yakawa mazito, akayumba, akatapika au asiitikie jina lake, hicho ni kiharusi cha joto. Apozwe hapohapo kwanza, ndipo apelekwe kwa daktari wa mifugo. Zamani ilifundishwa kwamba maji ya baridi ni hatari. Wataalamu wa leo hawaoni hivyo. Maji yoyote yaliyo baridi kuliko mbwa yanafaa, hata ya lambo yenye tope. Amwagiwe mwili mzima, apepewe. Asifunikwe kwa kitambaa kilicholowa, maana huzuia mvuke kuondoka. Wakati wa mvua kupepea husaidia kidogo, kwa hiyo maji yawe mengi zaidi; mbwa mwenye nguvu na fahamu aweza kulazwa ndani ya maji kichwa kikiwa juu. Aliyezimia asinyweshwe.

Kwa mbwa mzima aliyemaliza kazi tu, uchunguzi uliotolewa Marekani mwaka 2024 ulipendekeza njia nyepesi: afunzwe kutumbukiza kichwa mwenyewe katika ndoo ya maji. Mbwa 12 waliofanya hivyo walipoa upesi kuliko walipowekewa vitambaa vya maji shingoni au kwapani.

Mbwa aliyezinduka bado apelekwe kwa daktari siku ileile, hata akionekana kachangamka. Joto kali huharibu figo, utumbo na uwezo wa damu kuganda, na madhara hayo huweza kujitokeza baada ya siku moja au mbili. Mwenyewe na atazame kama mkojo umekuwa mweusi au umekoma, na kama kinyesi kina damu.