Waya wa Krona 900: Je, Sauti Inabadilika?

Mwanafunzi mmoja wa nyumbani, anayesoma hapa Stockholm, ameniuliza kama atoe krona 900 kununua waya wa HDMI wa kuunganisha televisheni na spika. Muuzaji kamwambia sauti "itafunguka". Kwa anayetuma pesa nyumbani kila mwezi, hilo si swali dogo.

Nilimwambia anunue wa bei ya chini. Waya wa zamani wa analogi, ule wenye ncha nyekundu na nyeupe, hupitisha umeme unaopanda na kushuka kama sauti yenyewe, hivyo kinachouingilia husikika. Waya wa dijitali hupitisha namba, yaani moja na sifuri. Muziki wa CD ni vipimo 44,100 kwa sekunde kwa kila upande, kushoto na kulia, na kifaa kinachopokea kinatakiwa kutambua namba tu.

Sisi wauguzi tunalijua jambo hili. Maabara wakinipigia kusema potasiamu ya mgonjwa ni 4.1, simu hata ikikwaruza, mradi nimesikia, ninaandika 4.1. Simu ya gharama haiifanyi 4.1 kuwa bora zaidi. Simu ikiharibika kweli, sisikii kitu. Waya wa dijitali mbovu nao uko hivyo: sauti hukatika, hupasuka au hunyamaza kabisa. Besi haipungui utamu kidogo kidogo.

Wapo wanaotaja kuyumba kwa muda wa kufika kwa namba. Kupo, kunapimika, lakini vifaa vingi vya kisasa huupanga muda huo upya vyenyewe.

Waya una umuhimu wake pale unapokuwa mrefu sana, au picha ya 4K inapohitaji HDMI yenye uwezo huo. Kompyuta ikiunganishwa na amplifaya kwa USB, huweza kuleta mngurumo kupitia njia ya umeme. Hapo jaribu waya wa mwanga, aina ambayo Toshiba waliitoa mwaka 1983. Haupitishi umeme kabisa.

Ukibisha, mwambie mwenzako abadilishe waya mara kumi bila kukuonyesha, nawe andika upi ni upi. Ukipatia tano, ulikuwa unabahatisha. Dawa hujaribiwa hivyo pia, bila mgonjwa kujua amepewa nini.

Mikwaruzo katika nyimbo za Siti binti Saad, aliyerekodi Bombay mwaka 1928, imo kwenye santuri zenyewe. Waya wa dhahabu hautaiondoa. Kusogeza spika mbali na ukuta ni bure, na hilo utalisikia.

Kama umeshanunua mtandaoni, sheria ya Sweden inakupa siku 14 tangu upokee bidhaa kubadili nia. Ukinunua dukani, haki hiyo haipo kisheria, ila duka lenyewe likikubali. Uliza kabla ya kulipa, na risiti usiitupe.