Uzee, Cheche za Oksijeni na Kinga ya Mwili: Tuwanunulie Wazee Vidonge?



Hapa Sharpstown, kusini-magharibi ya Houston, wazee wetu wanazidi kuongezeka. Wapo walioletwa na watoto wao, na wapo waliofika kama wakimbizi, mvi tayari kichwani. Swali ninaloulizwa kila mara ni moja: "Hivi vidonge vya antioksidanti vya dukani, nimnunulie mama? Ati vinaongeza kinga." Kabla hujatoa hela, tuelewane kwanza.

Kila seli huchoma chakula kwa oksijeni ndani ya mitokondria, ambayo ndiyo jiko lake. Jiko likiwaka, cheche huruka. Cheche hizo ni molekuli kali za oksijeni, zinazoharibu utando wa seli, protini na hata DNA. Mwili una wazimaji wake, na mmoja wa wakubwa wao ni glutathioni. Cheche zikiwazidi wazimaji, hapo ndipo tunasema kuna mkazo wa oksidisheni. Mwaka 1956 Denham Harman wa Marekani alidai kwamba uzee wenyewe unatokana na madhara hayo.

Lakini cheche si adui tupu. Nyutrofili, askari wa mstari wa mbele katika damu, huzitengeneza makusudi ili kuua bakteria. Watoto wanaozaliwa na kasoro katika kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo huugua maambukizo makali ya bakteria na fangasi mara kwa mara. Seli T nazo huhitaji cheche kidogo kama ishara ya kuanza kazi. Kwa hiyo kuzima zote si dawa.

Uzeeni mizani hiyo inaharibika. Tezi ya thaimasi, wanakokomaa seli T, imeshasinyaa, hivyo seli T mpya ni chache. Zile za zamani zimegawanyika mara nyingi, mitokondria zao zimechoka, cheche zinavuja. Zinakuwa nzito kupambana na kirusi kipya, huku zikimwaga kemikali za uvimbe mwilini bila sababu. Mwaka 2000 Mwitaliano Claudio Franceschi na wenzake waliupa uvimbe huu wa uzeeni jina lake katika sayansi. Mwaka 2020 watafiti wa Madrid walionyesha kwamba panya walioharibiwa mitokondria za seli T peke yake, walizeeka mapema mwili mzima. Yaani kinga ikichoka, inazeesha na viungo vingine.

Sasa turudi kwenye vidonge. Finland, mwaka 1994, wavuta sigara waliopewa beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi. Marekani, mwaka 2011, ilionekana vitamini E kwa wingi iliongeza saratani ya tezi dume kwa asilimia 17. Kwa upande mwingine, jaribio la Boston la mwaka 1997 lilionyesha kwamba vitamini E miligramu 200 kwa siku iliboresha mwitikio wa kinga kwa watu wa miaka 65 na zaidi. Na hapa hapa Houston, Baylor College of Medicine imejaribu kuwapa wazee glaisini na asetilisisteini, malighafi ya glutathioni. Mkazo wa oksidisheni ulipungua, ila jaribio lilikuwa dogo, la wazee 24, na halikupima kama waliugua kidogo zaidi.

Kwa hiyo mimi nashauri hivi: hela ya kidonge ipeleke kwenye chanjo. Tangu 2022, Marekani inapendekeza wenye miaka 65 na zaidi wapate chanjo ya mafua iliyoimarishwa. Mojawapo ina dozi mara nne ya ile ya kawaida, kwa sababu hii hii ya seli zilizochoka. Chanjo ya mkanda wa jeshi, dozi mbili, hupendekezwa kuanzia miaka 50. Ongeza mboga, usingizi, na matembezi ya asubuhi kabla jua la Texas halijawaka. Na kama mzee anatumia dawa ya kuyeyusha damu, asiguse vitamini E bila kumwuliza daktari, maana inaweza kumtoa damu.

Mwenye hoja tofauti aje nayo, tujadili.

Wasalaam.