Maneno ya Bahari, Msitu na Mlima katika Mtihani wa Kusoma Kiingereza
Maelezo kwa wanafunzi, walimu na wazee wa Unguja

Maelezo haya yanawahusu wanafunzi wa skuli zetu wanaojitayarisha kwa mtihani wa Kiingereza, hasa sehemu ya kusoma habari na kujibu maswali, ambayo skulini huitwa ufahamu. Yanawahusu pia walimu wanaowasomesha, pamoja na wazee, ambao wengi wao hudhani kwamba kwa kuwa hawakijui Kiingereza hawana la kumsaidia mtoto. Dhana hiyo si sahihi, na sababu zake zitaelezwa hapa chini.

Jambo hili si dogo. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliamua kwamba hisabati na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, na katika skuli za sekondari masomo karibu yote husomeshwa kwa lugha hiyo. Kwa hivyo mwanafunzi asiyeweza kusoma ukurasa mmoja wa Kiingereza na kuuelewa hapotezi alama za somo moja tu. Hupoteza pia alama za jiografia, za biolojia na za historia, hata kama jibu analijua, kwa kuwa swali hakulifahamu.

Watunzi wa habari za ufahamu wana desturi ya kuchagua visa vya safari za nje: watu waliopanda mlima, vijana waliopotea msituni, mabaharia waliokumbwa na dhoruba, au wanafunzi waliolala katika mahema. Visa vya namna hii vina mwanzo, hatari, uamuzi na mwisho, na kwa hivyo ni rahisi kuviulizia nani, lini, wapi na kwa nini. Tatizo ni kwamba vina maneno mengi ambayo mwanafunzi hakuyaona katika kitabu chake cha kawaida. Akikutana na maneno matano ya aina hiyo katika aya moja, hukata tamaa na kuanza kujibu kwa kunakili sentensi asizozielewa.

HAZINA ILIYOPO

Mtoto wa Unguja haingii katika mtihani huo mikono mitupu. Mtoto wa Nungwi, Kizimkazi au Jambiani anajua maji kujaa na kupwa, anajua bamvua na maji mafu, kusi na kaskazi. Amewaona wazee wake wakienda mwambani kutafuta pweza, na akina mama wakitembea ndani ya maji kufuata mashamba yao ya mwani. Anajua nanga, tanga, kasia na pondo. Mtoto wa jirani na Jozani anaijua njia ya msituni, mizizi ya mikoko na sauti ya kima punju juu ya matawi. Anachokosa ni jina la Kiingereza la jambo ambalo tayari analijua vizuri, na kufundisha jina ni kazi nyepesi kuliko kufundisha jambo lenyewe.

Kuna watoto wengine, hasa wa Mji Mkongwe na mitaa ya Ng'ambo, ambao siku hizi hawayajui maneno hayo hata kwa Kiswahili. Mtoto asiyejua maana ya bamvua hatanufaika kwa kukaririshwa neno la Kiingereza lenye maana hiyo, kwani litakuwa sauti tupu. Hapa ndipo ulipo msaada wa mzazi, babu au bibi. Amweleze mtoto kwa Kiswahili jinsi bahari inavyokwenda, jinsi ngalawa inavyofungwa mirengu, na kwa nini mvuvi hutazama mwezi kabla ya kupanga siku za kwenda mwambani. Mwalimu atakuja kuliweka neno la Kiingereza juu ya msingi huo.

MAKUNDI YA MANENO

Walimu wanashauriwa wasisomeshe maneno kwa orodha ya alfabeti, bali kwa makundi yanayokwenda pamoja katika kisa. Makundi manne yanatosha kwa kuanzia.

(a) Bahari na pwani: "tide", yaani kujaa na kupwa kwa maji, "reef", mwamba, "anchor", nanga, "sail", tanga, "oar", kasia, "shallow", pasipo na kina, na "wade", kutembea kwa miguu ndani ya maji.

(b) Msitu na ardhi: "path", njia ya miguu, "root", mzizi, "thorn", mwiba, "cave", pango, "mangrove", mkoko.

(c) Mlima: "slope", mteremko, "steep", penye mwinuko mkali, "valley", bonde, "summit", kilele, "snow", theluji.

(d) Vifaa na hali ya msafiri: "tent", hema, "rope", kamba, "shelter", mahali pa kujisitiri, "thirsty", mwenye kiu, "exhausted", aliyechoka hoi, "rescue", kuokoa.

Kundi la tatu ndilo gumu kwa watoto wetu, kwa kuwa kisiwa cha Unguja hakina mlima. Sehemu yake ya juu kabisa haifiki mita 150 kutoka usawa wa bahari. Mwalimu atumie mfano wa Kilimanjaro, wenye mita 5,895. Aeleze kwamba kila mtu apandapo mita 1,000 hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6, na kwamba ndiyo sababu kuna theluji kileleni ijapokuwa mlima huo uko karibu na Ikweta. Mwanafunzi aliyeelewa jambo hilo hatashangaa akisoma kwamba wapandaji walivaa makoti mazito na kwamba maji yao yaliganda usiku. Hali hiyo itakuwa na sababu anayoijua.

MITEGO YA MAANA

Kuna maneno yanayompoteza mwanafunzi kwa sababu anayafahamu kwa maana nyingine. "Current" ni mkondo wa maji, na pia ni mkondo wa umeme. "Bank" ni benki, na pia ni ukingo wa mto. "Left" ni kushoto, na pia ni aliondoka au aliacha. Mwanafunzi asidhani kwamba hii ni hila ya Kiingereza peke yake. Katika Kiswahili tunasema paa wa Jozani, paa la nyumba, ndege anapaa, na mpishi anapaa samaki, na hakuna anayechanganyikiwa, kwa sababu maneno ya jirani yanaonyesha maana. Afanye vivyo hivyo katika Kiingereza: asiliulize neno peke yake, auulize na ujirani wake.

Mtego wa pili ni maneno mawili au matatu yanayoungana na kutoa maana mpya. "Set out" ni kuanza safari. "Turn back" ni kurudi njiani. "Give up" ni kukata tamaa. Tazama sentensi hizi mbili: "They ran out of water" na "They ran out of the water." Ya kwanza maana yake ni kwamba maji yaliwaishia. Ya pili ni kwamba walitoka majini mbio. Tofauti ni kineno kimoja tu, lakini katika kisa cha watu waliopotea mwituni, anayekipuuza kineno hicho ataandika kwamba walikuwa wakiogelea wakati walikuwa wakifa kwa kiu.

Mtego wa tatu unatokana na neno letu wenyewe. Kiingereza kilichukua neno "safari" kutoka Kiswahili katika karne ya 19, wakati wasafiri wa Kizungu walipokuwa wakiifanya Zanzibar kituo cha kujitayarishia kabla ya kwenda bara: Burton na Speke mwaka 1857, Livingstone mwaka 1866, Stanley mwaka 1871. Lakini neno hilo lilipohamia huko lilipunguzwa maana. Kwa Mwingereza ni safari ya kwenda kutazama au kuwinda wanyama. Mtu akitoka Mkokotoni kuja mjini kumtembelea shangazi yake, kwa Kiswahili yuko safarini, lakini kwa Kiingereza hiyo si "safari", bali ni "journey" au "trip". Mwanafunzi azingatie jambo hili anaposoma na anapoandika.

KUKISIA KWA HOJA

Hata mwanafunzi aliyejitayarisha vyema atakutana na neno asilolijua, na kamusi hairuhusiwi katika chumba cha mtihani. Afanye nini? Tuchukue sentensi hii: "We waded across the channel before the tide came in." Tuseme neno "waded" halijui. Anajua kwamba "channel" ni mkondo unaopita kati ya nchi mbili kavu au kati ya miamba, na kwamba "the tide came in" ni maji kujaa. Ajiulize: kwa nini wavuke kabla maji hayajajaa? Bila shaka kwa sababu baadaye kina kingekuwa kirefu. Wangekuwa ndani ya chombo, maji kujaa yangewafaa zaidi. Basi walivuka kwa miguu, maji yakiwa haba. Jibu limepatikana bila ya kamusi, na aliyempa ni bahari ya kwao.

Huku ndiko kukisia kwa hoja. Hutofautiana na kubahatisha, kwa kuwa mwenye kukisia anaweza kueleza sababu yake. Walimu wanashauriwa kila mara wamuulize mwanafunzi aliyejibu sawa: umejuaje? Darasa zima litajifunza kutokana na maelezo yake kuliko kutokana na jibu lenyewe.

SOMO NJE YA DARASA

Maneno haya hukaa moyoni zaidi yakisomeshwa pale yalipo. Skuli za mjini zinaweza kuanzia Forodhani, ambako vyombo, kamba na nanga huonekana bila ya gharama yoyote. Skuli za kusini ziko karibu na Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyopewa hadhi hiyo mwaka 2004. Huko Pete kuna njia ya mbao inayopita juu ya mizizi ya mikoko, ambapo mtoto anaweza kutembea akitaja kila anachokiona. Kisiwa cha Chumbe, ambacho mwamba wake ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994 na ambacho kina mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904, kimekuwa kikipokea wanafunzi wa Zanzibar kwa masomo ya mazingira. Skuli isiyo na uwezo wa usafiri itumie ufuo, shamba au kichaka kilicho karibu nayo.

Aidha, inasisitizwa kwamba mwalimu asiwapeleke watoto pwani bila ya kuuliza saa za kujaa maji kutoka kwa wavuvi wa mahali hapo, na asiwapeleke peke yake. Kila mwanafunzi achukue daftari. Akirudi, aandike aya moja ya Kiingereza yenye sentensi sita au saba juu ya alichokiona, kisha atunge maswali matatu na kumpa mwenzake ayajibu. Anayejua kutunga swali hujua pia mahali linapofichwa jibu.

MAZOEZI NA SIKU YA MTIHANI

Kwa mazoezi ya nyumbani, maneno 5 kwa siku, siku 6 kwa wiki, yanatosha. Katika wiki 10 mwanafunzi atakuwa na maneno 300, na hicho ni kiasi kinachoweza kubadilisha matokeo yake. Kila neno liandikwe ndani ya sentensi, lisiandikwe peke yake.

Siku ya mtihani, mwanafunzi ayasome maswali kwanza ili ajue anachokitafuta. Kisha aisome habari yote mara moja bila ya kusimama kwenye neno gumu. Mara ya pili aisome polepole, akiangalia maneno yanayofunga mambo pamoja, kama "before", "until", "although" na "because", kwani maswali mengi ya kwa nini na lini hujibiwa hapo. Ajibu kwa sentensi kamili, na asinakili aya nzima akitumaini kwamba jibu limo ndani yake. Msahihishaji huona mara moja kwamba mwandishi hakufahamu.

Mwisho, walimu na wazee wote wanaombwa washirikiane katika jambo hili. Kiingereza ni lugha ya kujifunza, lakini mambo ambayo lugha hiyo inayataja katika visa vya safari mengi yapo katika bahari na misitu yetu. Mzazi anayemchukua mtoto wake pwani siku ya mapumziko na kumfundisha kwa Kiswahili majina ya upepo, vyombo na miamba, huyo amekwisha kumsomesha nusu ya somo. Nusu iliyobaki ni ya mwalimu.