MWENYE NYUMBA NA MPANGAJI: CHANDA NA PETE AU PAKA NA PANYA?

Kabla sijafika mbali wacha niwaulize swali. Je, umewahi kutoka shule jioni ukakuta mlango wa kwenu umetiwa kufuli jipya? Mimi yamenipata. Nilikuwa kidato cha pili, na kesho yake tulikuwa na mtihani wa hesabu. Nilimkuta mama ameketi juu ya ndoo nje ya nyumba yetu huko Kayole, Nairobi, ndugu yangu mdogo amelala mapajani pake. Daftari zangu zote zilikuwa ndani. Tulikuwa na deni la kodi la miezi miwili. Usiku huo tulilala kwa jirani.

Siku hiyo nilimchukia landilodi wetu kama ukoma. Lakini yaliyofuata ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Asubuhi yule jirani, mtu mzima mwenye busara zake, aliwaketisha mama na mwenye nyumba. Hapo ndipo mambo yalipojulikana. Kibarua cha mama kilikuwa kimeota nyasi, naye kwa aibu akawa anajificha kila tarehe tano ikifika. Mwenye nyumba naye alikuwa akilipa mkopo wa benki aliojengea ploti ile, akadhani tunamchezea tu.

"Mama, ungeniambia mapema tungeelewana," akasema.

"Na wewe Mzee, ungebisha mlango kabla ya kuufunga," mama akajibu.

Waliandikiana kwenye daftari: deni litalipwa kidogo kidogo kwa miezi minne. Kufuli likatolewa. Mpaka leo tunaishi hapo hapo.

Wasomaji wapendwa, tangu siku hiyo nimeamini kwamba ugomvi mwingi wa kodi hauletwi na pesa peke yake. Huletwa na mambo mawili: kunyamaza, na kutoandika. Basi uhusiano mwema hujengwaje?

Kwanza kabisa, ni mapatano ya maandishi. Mpangaji anapoingia, waandike kodi ni ngapi, hulipwa tarehe gani, nani atalipa maji na stima, na notisi ya kuhama ni ya muda gani. Waandike pia ile dipositi itarudishwa lini, na ni uharibifu gani utakaofanya ikatwe. Wazunguke nyumba pamoja waone kioo kilichopasuka na bomba linalovuja, wayaandike. Bila hivyo, siku ya kuhama kila mmoja atamsingizia mwenzake.

Pili, ni risiti. Anayelipa taslimu adai risiti, na anayelipa kwa M-Pesa asifute ujumbe. Huko si kutoaminiana. Mali bila daftari huisha bila habari, na kodi ni mali.

Tatu, kila mtu atimize wajibu wake. Si haki paa livuje msimu mzima na kodi ipandishwe juu yake. Wala si haki mpangaji kuvunja sinki, kuziba choo kwa matambara, halafu kusema, "Hiyo ni shauri ya landilodi." Mkono mtupu haulambwi.

Nne, kodi ikichelewa, sema kabla ya tarehe kufika. Peleka hata nusu, na useme nyingine itafika lini. Mwenye nyumba naye akumbuke kwamba mpangaji wa miaka mingi ni faida. Nyumba ikikaa tupu mwezi mmoja tu, kodi hiyo imepotea na hairudi.

Pengine utauliza, sheria inasemaje? Kenya ina Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, iliyoanza mwaka wa 1959. Hiyo huwalinda wapangaji wa nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kwa nyumba hizo, mwenye nyumba haruhusiwi kumfukuza mpangaji bila idhini ya baraza maalum linaloamua mizozo ya kodi. Kumsumbua makusudi ili ahame pia ni kosa. Kwa upande wa biashara kuna Sura ya 301 ya mwaka wa 1965. Mpangaji wa duka au mkahawa asiye na mkataba wa maandishi hawezi kuondolewa wala kupandishiwa kodi kabla ya kupewa notisi rasmi ya miezi miwili au zaidi. Mwenye nyumba naye hakuachwa mikono mitupu. Akinyimwa kodi, sheria inamruhusu kumtumia dalali mwenye leseni akamate mali ya mdaiwa, mradi utaratibu ufuatwe.

Lakini tazameni vizuri, ndugu zangu. Siku hizi nyumba nyingi mjini zina kodi inayozidi hizo shilingi 2,500, kwa hivyo Sura ya 296 haizigusi. Mizozo yao ikifika kortini, hakimu atataka kuona walivyopatana. Asiye na karatasi atasema nini? Ndiyo maana nasisitiza kuandika. Isitoshe, kesi hula wakati na nauli, na baada ya hukumu watu hawa wawili wanaweza kuendelea kupishana kwenye lango lile lile.

Wanafunzi wenzangu, msidhani haya ni ya wazazi peke yao. Miaka michache ijayo wengi wetu tutakuwa tukitafuta chumba cha kupanga, na wengine, Mungu akijalia, watajenga ploti. Ukiwa mpangaji, usijifiche. Ukiwa mwenye nyumba, bisha kwanza. Kwani ndani ya nyumba ile huenda yumo mtoto mwenye mtihani kesho.

Na kama mnataka kujua, ule mtihani wa hesabu niliuanguka!