Dada wa kazi naye anangoja dinari yake



Katika Mathayo 20:1-16, mwenye shamba la mizabibu anatoka alfajiri kutafuta vibarua, wakapatana dinari moja kwa siku. Anarudi sokoni saa tatu, saa sita, saa tisa, hata saa kumi na moja. Wale wa mwisho wanamweleza kwamba hakuna aliyewaajiri. Hawakuwa wavivu, kazi ndiyo iliyokosekana.

Soko la kazi ndivyo lilivyo hata leo. Watafutaji wakiwa wengi na kazi chache, mshahara hushuka. Anayeumia zaidi ni yule anayepatana peke yake jikoni kwa mwajiri: dada wa kazi. Ndiyo maana Serikali huweka kima cha chini. Amri ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, ilimpangia mfanyakazi wa ndani anayeishi kwa mwajiri wa kawaida Sh60,000 kwa mwezi, na wa kwa mwanadiplomasia au mfanyabiashara mkubwa Sh250,000. Ufagio ni ule ule na mtoto anayebembelezwa ni mtoto. Tofauti ni mlango alioingilia. Mei Mosi 2025, mtumishi wa umma alitangaziwa kima cha chini cha Sh500,000.

Huenda utasema, "Lakini tulikubaliana." Papa Leo XIII alilijibu hilo mwaka 1891 katika waraka wake, Rerum Novarum: anayekubali ujira mdogo kwa kubanwa na shida amedhulumiwa. Yakobo naye (5:4) anaonya kuwa ujira uliozuiwa una sauti, na Mungu anaisikia.

Sheria ina mipaka. Ofisa kazi hawezi kubisha hodi kila nyumba. Leo umetoa sadaka, ilhali nyumbani yuko aliyebaki na mtoto ili wewe uwahi ibada. Mshahara wake wa mwezi uliopita umeshamlipa? Kumbukumbu la Torati 24:15 inaagiza maskini alipwe kabla jua halijatua. Usimpe kama msaada kilicho haki yake. Na kama mfuko wako unaruhusu zaidi, kumbuka kima cha chini ni pa kuanzia, si pa kuishia.

Mwenye shamba aliwapa hata wa saa kumi na moja dinari kamili, maana njaa ya aliyekosa kazi mchana kutwa haikuwa nusu.

Jumapili njema.